Nikumbushe Kesho

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji ya asubuhi imekuwa tope.
Dukani kwake, padogo, mlango na dirisha basi,
Tsisana amevua glavu moja, ya mkono wa kipanya,
na kile kisanduku kimerudi, pembeni, juu, kulia,
na adabu za mgeni asiyeaga:
Toleo jipya liko tayari. Sakinisha sasa?
Au, kwa maandishi madogo: Nikumbushe kesho.

Kesho hiyo anakumbushwa tangu mavuno ya zabibu.

Asidhaniwe mwoga wa vipya.
Ndiye wa kwanza mtaa huu kuleta mashine ya rangi,
akauza ng'ombe wa mama mkwe bila kumwambia mama mkwe.
Shida ni Ushangi.
Ushangi wa ghorofa ya tatu, aliyezichora herufi zao
thelathini na tatu, moja moja, miaka ile ya giza,
umeme ukija saa mbili na kuondoka bila kwaheri;
kisha akaziundia programu yake ndogo, ya kienyeji,
yenye kitufe kimoja kisichofanya lolote
na kingine kinachofanya yote.
Mfumo mpya hauitambui. Umeshasema hivyo, waziwazi,
katika orodha ambayo watu hawaisomi na yeye kaisoma mara nne.

Alimpigia simu Thessaloniki, anakojenga kuta za watu.
“Bado inafanya kazi?” Ushangi akacheka mpaka akakohoa.
“Itupe, Tsisana. Hata mimi sikumbuki nilivyoiunda.”
Rahisi kwake kusema. Si yeye anayeulizwa mlangoni
na wafiwa, kofia mkononi: zile herufi, mama,
zile ulizomwandikia baba.

Mpwa wake Lasha, wa benki, hana methali, ana tarehe:
kuanzia mwezi wa nne hakuna atakayeziba tundu.
“Unalala mlango wazi, shangazi.”
Na alale. Ana nini cha kuibiwa? Kadi za harusi?
Lakini humo humo, kwenye folda iitwayo Mbalimbali,
zimo pasipoti za nusu ya mtaa,
wanawake waliokuja na nywele zimechanwa upya
kunakili kurasa kabla ya kwenda Italia
kuogesha wazee wa watu.
Nato, Eteri, Dodo wa duka la viatu, binti wa Dodo.
Wote wanamtazama bila kutabasamu, kama sheria inavyotaka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Usiache mbachao kwa msala upitao.
Methali nazo ni mashahidi wa kulipwa:
kila upande huja na wake.

Saa tatu usiku anaingia mwanamume, tope hadi magotini.
Mkewe anazikwa Jumapili, anataka matangazo arobaini,
atayafuata alfajiri.
Jina la marehemu lina ile herufi yenye mkia mrefu.
Tsisana anaandika, anachapa, anatoza ya ishirini tu.
Mtu akishatoka, anachapa karatasi moja zaidi:
herufi zote, kubwa, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.
Anaibandika ukutani kwa gundi, si kwa pini.
Anahamishia kila kitu kwenye diski ya nje,
pasipoti na Ushangi, kapu moja.

Kisha anabonyeza. Hakuna ngoma, hakuna radi.
Mstari mwembamba unatambaa. Dakika tisa zimebaki.
Dakika ishirini na sita zimebaki.
Dakika tisa.
Hata wao hawajui, anajisemea, karibu kwa furaha.
Anavua glavu ya pili, anachukua mkasi,
anaanza kukata matangazo, mawili kwa kila karatasi,
akipindisha makali kidogo
asije akaukata ule mkia.